Ndinga Tumeiona, Mkanda wa Mtoto Uko Wapi?

Najua wengi mmekuja kutafuta ubuyu wa ile klipu ya wiki hii, kwa hiyo sitawazungusha. Ndiyo, nimeiona, na nimeirudia kama mara sita. Jina la dada silitaji. Kwanza mnamjua, pili nikilitaja tu timu yake itahamia huku na hatutaongea kitu cha maana.

Kwa wale mliokuwa hamna bando: dada yetu yuko kwenye ndinga mpya, namba E, siti nyeupe, harufu ya upya unaisikia mpaka kwenye simu. Mapajani kampakata mwanae, ambaye kwa kumwangalia tu hajafika miaka miwili. Mkono mmoja wa mama unarekodi. Usukani umebaki na mkono wake mwingine pamoja na vile viwili vidogo vya mtoto. Gari inatembea, bodaboda zinapita pembeni. Kuna sehemu breki inakanyagwa, mtoto anayumba kwenda mbele, wote wawili wanacheka na klipu inaishia hapo.

Nikashuka kwenye koment. Mamia. Wa kwanza anauliza nani kanunua. Wa pili anajibu kwamba ni yule yule mliyesema kaachwa naye. Watatu anasema gari ni ya kukodi, ni kiki tu. Wengine wanabishana kuhusu bei na kama ushuru umelipwa. Waliomwona mtoto wamesema "jamani katoto kadereva" na kuweka vijimoyo. Nimeshuka mpaka kidole kikauma, nikakuta mtu mmoja tu ameuliza mtoto mbona hana mkanda. Huyo katukanwa, akaitwa mchawi, akaambiwa atafute yake.

Mimi niko upande wa huyo mchawi.

Tuanze na hicho kitu cha kupakata, maana ndipo wengi tunapodanganyika. Tunaona mtoto akiwa mikononi mwa mama yake yuko mahali salama kuliko pote duniani. Kitandani ni kweli. Kwenye gari inayotembea si kweli, na hapa hakuna suala la mapenzi, ni hesabu. Gari ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa ikagonga kitu ikasimama ghafla, mwili ambao haukufungwa hausimami nayo. Unaendelea mbele na 50 ile ile. Ukipiga hesabu ya shuleni, ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hiyo ni ghorofa ya tatu. Hata 30 tu, mwendo wa mjini ambao tunauita wa kinyonga, ni sawa na kudondoka mita tatu na nusu, juu ya paa la nyumba. Sasa niambieni ni mama gani anayeweza kumdaka kwa mkono mmoja mtoto anayedondoka kutoka ghorofa ya tatu, na mkono mwingine kashika simu?

Halafu huyu hakuwa hata siti ya abiria, alikuwa kwenye usukani. Angalieni katikati ya usukani wowote wa gari za siku hizi, kuna maandishi madogo SRS AIRBAG. Ni ile mifuko ya hewa, mafundi wanaiita eabegi. Ikigongwa inafumuka haraka kuliko unavyopepesa jicho, na imepigiwa mahesabu ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa nyuma kidogo. Mtoto wa mapajani kifua na uso wake vipo pale pale inapofumukia. Nyuma yake kuna mwili wa mama nao unakuja na uzito wake wote. Mtoto anabaki katikati. Na wale mnaosema "basi mama afunge mkanda uwazungushe wote wawili", hapo ndiyo mnamfunga mtoto mbele ya kilo zote za mama yake.

Haya mambo hayakuanza Bongo, na wala si ushamba wetu peke yetu. Mwaka 2006 staa mmoja mkubwa sana wa muziki kule Marekani alipigwa picha California anaendesha huku kampakata mwanae mchanga kwenye usukani. Picha zilizunguka dunia nzima. Yeye alijitetea kwamba alikuwa anawakimbia wapiga picha waliomzonga. Wenzake hawakumuuliza gari ni ya shilingi ngapi, walimuuliza mtoto. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka mimi, kwamba umati wa mashabiki ulijua cha kuuliza.

Lakini hata wao kuna wakati hawakujua. Jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria ya kiti cha mtoto kwenye gari ni Tennessee, ikaanza kutumika mwaka 1978, na aliyeisukuma ni daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders. Wabunge wakaipitisha ila wakachomekea kipengele: mtoto akiwa amepakatwa mikononi, ruksa. Walifikiri kama tunavyofikiri sisi, kwamba mama ni mama. Waliokuwa wanaipigania sheria wakakibatiza kipengele hicho jina la kutisha, wakasema ni kiponda watoto. Daktari hakukaa kimya, alirudi tena kupambana mpaka kikafutwa mwaka 1981. Kwa hiyo mtu akikwambia kupakata ni busara za wazee, mwambie kuna watu waliliandika hilo kwenye sheria, halafu wakalifuta.

Sasa nirudi kwenye ndinga yenyewe, maana hapa ndipo ninapojua kidogo. Kabla sijaanza kuandika nilifanya kazi miaka miwili sehemu ya kuosha magari. Ukiosha gari ya mtu kwa ndani unamjua kuliko anavyojijua. Nikwambie nilichokiona: gari zetu nyingi zinakuja na ulinzi wa mtoto umo ndani tayari. Sisi ndio tunauzika.

Kwanza mikanda ya nyuma. Mtu akishanunua gari, kitu cha kwanza ni siti kava. Fundi anavalisha, anabana, na vile vidude vya kuchomekea mkanda vinazama chini ya kava, havionekani tena. Nimeosha gari ambazo ukitaka kuutoa mkanda wa nyuma lazima uingize mkono mpaka kwenye kiwiko, unakutana na njugu, sarafu na chuchu ya chupa ya mtoto ya mwaka juzi. Siku moja mama mmoja mteja alinikuta navichomoa, akaniambia, "Mwanangu, hivyo virudishe tu chini, vinamchoma mjukuu wangu." Nikajibu "sawa mama", nikavirudisha, maana gari ni yake. Lakini mjukuu alikuwa amesimama katikati ya siti mbili za mbele, kashika bega la dereva.

Pili kuna hili ambalo watu wanaenda nalo kwa fundi bure. Kwenye gari nyingi za Kijapani, mkanda wa abiria ukiuvuta mpaka mwisho kabisa kisha ukaanza kuuachia, unarudi kwa kukwaruza tra-tra-tra na hautoki tena hata uuvute vipi. Watu wanasema umekufa, wengine wanaukata. Haujafa. Hiyo ni kufuli maalum ya kushikilia kiti cha mtoto kisichezecheze. Ukitaka urudi kawaida, uachie uingie wote ndani, basi. Niliwaonyesha wateja wangu hiki kitu, wengine walishamaliza miaka mitatu na gari.

Tatu, ingiza vidole kwenye ule mfereji kati ya mgongo wa siti ya nyuma na pale unapokalia. Gari nyingi za miaka ya karibuni utagusa vyuma viwili vidogo vimejificha, au utaona kitambulisho kimeandikwa ISOFIX. Hivyo ni vya kubania kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari, bila kuhangaika na mkanda. Mteja mmoja alidhani ni vyuma vya siti vilivyochomoza, akataka vikatwe.

Nne, fungua mlango wa nyuma uangalie ubavu wake, pale kwenye loki. Kuna kiswichi kidogo, mara nyingi kina kapicha ka mtoto. Ukikigeuza, mlango haufunguki tena kwa ndani hata mtoto avute kitasa asubuhi mpaka jioni, unafungukia nje tu. Watu wengi huwa wanakuta kimegeuzwa na Mjapani aliyetangulia, wanasema mlango mbovu. Na pale mlangoni kwa dereva, kati ya vitufe vya vioo, kuna kimoja kinachofunga vioo vya abiria wote. Tumia hicho. Kioo cha umeme kinapanda na nguvu za kutosha kumkaba mtoto aliyetoa kichwa nje, na mtoto akipiga goti kwenye siti, goti hilo hilo ndilo linalobonyeza.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi si watu wa kushindwa kujifunza gari. Redio za gari za zamani za Kijapani zinaishia masafa ya 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mtu hajamaliza wiki na gari keshamtafuta fundi, kafungiwa kifaa cha kupandisha masafa, muziki unadunda. Ile skrini inayoongea Kijapani keshabadilishiwa. Taa za chini ya mlango keshaweka. Lakini ukimuuliza breki ya kuegeshea iko wapi anatafuta kiwiko cha mkono, wakati Harrier na Alphard za kwanza kwanza ile breki unaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Gari za haibridi ndiyo kabisa. Inanyamaza kama imezimwa, dereva anashuka kununua vocha, kaacha mtoto ndani na neno READY linawaka pale kwenye dashibodi. Hiyo gari haijalala wadau, ukisogeza gia inaondoka.

Na mfahamu kwamba huko Japani zinakotoka, kuanzia Aprili 2000 sheria inamtaka dereva amweke mtoto wa chini ya miaka sita kwenye kiti cha mtoto. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ndinga unayoitambia ilishawahi kumbeba mtoto wa Kijapani kafungwa vizuri huko nyuma. Mkanda ukapanda meli, ukashuka bandarini, ukalipiwa ushuru, halafu ukafika mikononi mwetu ukafunikwa na siti kava.

Kuhusu kiti chenyewe nitapita haraka, maana maduka ya watoto yanavyo na kwenye mitumba vipo. Mtoto mchanga anakaa kwenye kile kinachoangalia nyuma ya gari, na anabaki hivyo muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, maana shingo yake bado laini na kichwa ni kizito. Kiti hicho usikiweke siti ya mbele yenye eabegi, kamwe. Angalia kioo cha jua cha abiria, wameshakuchorea alama ya kukataza. Akikua anageuzwa kuangalia mbele na mikanda yake ya mabegani, baadaye anakalia kile cha kumwinua tu ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, usimkate shingo wala tumbo. Hapo anabaki mpaka afikie kama sentimita 135, wengine wanasema 150. Ukishaufunga mkanda wa kiti chake, jaribu kuufinya begani. Ukiweza kuushika mkunjo, haujabana. Ukinunua cha mtumba, tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E, pindua chini uangalie nyufa, vuta mikanda yote. Kama muuzaji hajui kilitoka wapi au kinaonekana kilishapata ajali, kiache hapo hapo hata kama ni bei ya chai.

Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Hao ni wadogo zetu na sisi wenyewe.

Najua povu linalokuja, acha nilipokee mapema.

Kuna wa "sisi tulikua hivyo hivyo na tuko hai". Ni kweli, mko hai, ndiyo maana mnakoment. Waliokufa hawana akaunti.

Kuna wa "Mungu ndiye mlinzi". Amina. Ila mlango wa nyumbani mbona unaufunga na komeo?

Kuna wa "mbona watoto wa daladala na bodaboda huwasemi". Huyu ana hoja na sitamcheka. Mama anayempakata mwanae kwenye daladala la kusimama pale Mbagala hana la kuchagua, na kumlaumu yeye ni uonevu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na watu wa usalama barabarani wamepiga kelele miaka na miaka kwamba iguse viti vya watoto kwa uwazi. Hilo ni la wakubwa na tuwabane kweli. Lakini dada wa kwenye klipu hayuko kwenye daladala. Yuko kwenye gari ya mamilioni mengi, na wigi alilovaa siku ile linaweza kununua kiti cha mtoto na chenji ikabaki. Asiye na uwezo wa kiti basi amweke mtoto siti ya nyuma badala ya mbele, na aliyekua kidogo amfunge mkanda. Hiyo ni bure.

Na kuna wa "mtoto wangu analia nikimfunga". Analia, ndiyo. Analia pia akichanjwa, na kliniki unampeleka. Akizoeshwa tangu mchanga hiyo ndiyo inakuwa siti yake, hata wewe ukimpakata atakushangaa. Aliyeanza kupakatwa kwenye usukani ndiye atakayekusumbua, na ukweli ni kwamba huyo wa klipu sasa ataulilia usukani kila wakipanda gari.

Sitaki dada yetu atukanwe. Sioni pia faida ya trafiki kumfuata nyumbani kwa ajili ya klipu, atageuka shujaa tu na wimbo utatoka kesho yake. Naamini anampenda mwanae. Tatizo langu ni kwamba ana wafuatiliaji wengi kuliko gazeti lolote ninalolijua, na wengi wao ni mabinti wa umri wangu wenye mtoto wa kwanza na ndoto ya kumiliki hata ka-Passo. Akivaa dera fulani wiki hii, wiki ijayo Kariakoo nzima wamelivaa. Sasa amewaonyesha kwamba gari mpya inazinduliwa kwa mtoto kushika usukani. Unafikiri wangapi wameshaigiza?

Na ndiyo maana nawashangaa pia watu wa matangazo. Dada huyu ni balozi wa nepi, ni balozi wa sabuni ya watoto, ni balozi wa uji. Makampuni yote hayo yanaishi kwa mgongo wa mtoto yule yule. Hakuna hata mmoja wao aliyempigia simu akamwambia, mama, hiyo posti ishushe, halafu tukupe kiti cha mtoto upige nayo picha? Ni tangazo la sekunde 30. Afungue mlango wa nyuma, ainue siti kava, achomoe mkanda, amfunge mwanae, ambusu, aende kukaa mbele aendeshe. Nguo apendeze vile vile, miwani avae vile vile. Vijimoyo atapata vile vile, na wambea tutaendelea kubishana ndinga kanunua nani.

Mpaka naposti hii klipu bado iko hewani. Chawa wake nawajua mnasoma hapa, mfikishieni.

Kwa wengine, naomba kitu kimoja. Kabla hujaja kunitukana hapo chini, nenda kwenye gari yako, au ya shemeji, au ya bosi ukiwa unaiosha, ingiza vidole nyuma ya siti utafute vile vyuma viwili. Kisha niandikie ni gari gani, ya mwaka gani, na kama umevikuta au hukuvikuta. Nataka nikusanye orodha ya gari zetu za mtaani, IST, Vitz, Raum, Spacio, Noah, zote, maana kuna dada amenitumia ujumbe ana Raum na mtoto wa miezi minne, anataka kujua anunue kiti cha aina gani, na mimi Raum niliziosha ila sikuwahi kuingiza vidole. Mwenye nayo afunguke.